Mdai Wetu Ni Mtani

Magomeni, Mtwara
12 Januari 1970

Mdogo wangu Omari,

Pokea salaam zangu na za majirani, pamoja na za watu wengine wasiokufahamu sana lakini siku hizi wanakuulizia kwa mapenzi makubwa. Mimi ni mzima. Mguu umepungua kuvimba. Sabina, jirani yangu wa ukuta mmoja, amejifungua mtoto wa kike, na nguo zake za kwanza nimeshona mimi. Kazi si haba. Tangu mwaka uanze nimeshona sare za shule kumi na nne na kanzu mbili. Nisalimie wifi yangu Salma na watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka.

Sasa tuje kwa hao wanaokuulizia. Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani, napitisha uzi, nikasikia kengele ya baiskeli. Akashuka mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, mkoba wa turubai begani. Akanisalimu kwa adabu. Anaitwa Josephu Haule, Mngoni wa Songea anayekaa Mtawanya, na kazi yake ni kukusanya madeni ya duka la Sadruddin Rahemtulla wa Mikindani. Nikampa kiti. Akatoa karatasi ninayoijua, maana ina sahihi yangu. Ulikopa shilingi mia nne mwezi wa tano, mwaka 1968. Umelipa sitini. Zimebaki mia tatu na arobaini, na chini kabisa imeandikwa: dhamana, cherehani moja ya Somoe binti Athumani.

Unaikumbuka siku ile, Omari? Ulikaa kwenye mkeka wangu ukalia. Ulisema makuti yameoza, mvua inawanyeshea watoto, unataka mabati tu na hutaki kingine duniani. Nikaitoa cherehani yangu iwe dhamana. Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili, cherehani na kikohozi, na kikohozi kimepona. Nikinyang'anywa hiyo mashine sina kingine cha kunilisha.

Nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza kabla hujaota ndevu. Josephu atakuja huko. Usimkimbie. Mkaribishe, mwambie akuonyeshe hesabu, na uisome mwenyewe hadi mwisho. Mwambie kweli unacho kiasi gani. Kama ni shilingi kumi, mpe hizo kumi na udai risiti. Usiahidi mia usiyokuwa nayo, wala usiweke sahihi kwenye karatasi mpya ukiwa umechanganyikiwa. Sadruddin si mkorofi, mtu akienda naye polepole husikia.

Halafu nijibu swali dogo. Dereva wa lori aliyeniletea mihogo yako ameniambia nyumba yako bado ni ya makuti. Mabati yako wapi?

Dada yako,
Somoe


Mahurunga
3 Februari 1970

Dada yangu mpenzi Somoe,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, imelowa pembe moja lakini maneno yote makali yamesalimika. Huku sote wazima. Salma anakusalimu. Watoto wanakua na wanakula, hasa wanakula. Mihogo imekubali mwaka huu. Ng'ambo ya mto ndege za Mreno zilipita Jumapili, tukalala chini shambani, zikaenda zake. Mimi nimechaguliwa kuwa msimamizi wa darasa la watu wazima hapa kijijini, kwa hiyo unaandikiana na mtu mkubwa.

Huyo Josephu wako amekuja. Dada, ungekuwepo ungecheka mpaka mguu upone wote. Alipotaja tu kwamba yeye ni Mngoni, nilisimama nikapiga makofi. Nikamwambia, "Kumbe mtani! Karibu, mla watu!" Naye akajibu hapohapo, "Nimekuja kukuchukua, mtumwa wangu aliyetoroka." Watu wakajaa. Nikamwambia, "Babu zenu walikuja huku wakala mbuzi wa babu zetu Wayao bila kuandika hata kijikaratasi. Leo mjukuu unanijia na daftari? Kwanza nilipe mbuzi wangu, ndipo tuzungumze habari za duka." Kijiji kizima kililala chini kwa kicheko. Hata yeye alicheka mpaka akavua kofia.

Alikula ugali wangu, akanywa maji, akajaribu kufungua mkoba. Nikamuuliza, "Mngoni, umejifunza lini kusoma?" Akaufunga. Akaondoka na mafungu mawili ya mihogo nyuma ya baiskeli na hakupata hata senti moja.

Wewe unahangaika na risiti, dada. Mimi nimepata dawa. Mtani hakasiriki, na mdai asiyeweza kukasirika ni mgeni tu kama wageni wengine. Kuhusu cherehani usiwe na hofu. Sadruddin hawezi kumnyang'anya mjane mashine yake mchana kweupe, Mikindani nzima itamsema.

Habari za mabati ni ndefu, nitakueleza tukionana.

Mdogo wako,
Omari bin Athumani,
Msimamizi wa Darasa


Magomeni, Mtwara
22 Februari 1970

Kwa Msimamizi wa Darasa,

Salaam. Idi imepita salama. Nilipika pilau nikakutazamia, ikaliwa na watoto wa Sabina. Mimi mzima, mguu ndio huohuo. Nimefurahi kusikia kwamba unawafundisha watu wazima kusoma. Naomba ukimaliza nao ujifundishe na wewe kusoma barua zangu.

Nilikuuliza mabati yako wapi. Hilo si jambo refu. Bati liko juu ya nyumba, au liko dukani, au halikununuliwa.

Josephu alipita hapa akanieleza habari ya mbuzi wa babu. Alicheka, nami nilicheka, siwezi kusema uongo, maana ulimjibu vizuri. Kisha akafuta machozi ya kucheka, akafungua daftari, akaandika: hajalipa. Ni hilo tu, Omari. Utani mmefanya na deni limebaki vilevile. Na aliponiaga aliitazama cherehani, kidogo tu, akageuza macho haraka kama mtu mwenye haya. Usiku ule sikupata usingizi.

Kwa hiyo Jumatano nilipanda basi kwenda Mikindani mwenyewe. Nilimkuta Sadruddin na mama yake, Zainabbai, yule mwenye miwani ya kamba. Sikulia na sikuomba huruma. Nilisema, "Mdogo wangu huyu hana mia tatu na arobaini, na hata mkimgeuza kichwa chini hazitadondoka. Lakini ana mikorosho na ana mikono." Sadruddin akasema naye anadaiwa na watu wa Dar es Salaam waliomletea bidhaa, na hao hawana utani na mtu. Tulikwenda hivi na hivi. Mwisho amekubali shilingi ishirini kila mwezi, bila nyongeza, na kwamba muda wote utakaolipa hataigusa cherehani. Zainabbai ndiye aliyemkazia aandike. Karatasi iko tayari. Inakungoja wewe uje uweke sahihi kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, uje na ishirini za kwanza.

Ishirini, Omari. Ni mafungu ya mihogo machache tu. Najua unaweza. Njoo.

Dada yako,
Somoe


Mahurunga
17 Machi 1970

Dada Somoe,

Shikamoo sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu lori la barua lilikwama Kilambo siku tisa. Watoto hawajambo. Mmoja alitumbukia kwenye kisima kisichokuwa na maji, kwa hiyo hakulowa.

Nimeyasoma ya Mikindani, ahsante kwa kunisumbukia. Nilikuwa nimejiandaa kuja kabisa, nguo zimefuliwa. Lakini fedha za korosho tulizouza ushirika hazijamalizika kulipwa, tumepewa nusu na maneno. Hizo nusu zilikuwa na kazi zake hapa nyumbani. Mwezi ujao nitakuja na zote kwa mpigo. Ishirini ishirini ni mambo ya watu waoga.

Ila nataka nikushtakie mtani. Amekuja tena. Safari hii hata hakutaja deni. Aliingia uani, akamtazama jogoo wangu mwekundu, akasema, "Mtumwa wangu amenifugia vizuri." Akamkamata, akamfunga miguu, akamning'iniza kwenye usukani. Nikapata mwanya. Nikasema, "Vema, basi huyo andika shilingi saba kwenye daftari." Akasema, "Deni ni la Sadruddin. Jogoo ni wa utani. Usichanganye mambo." Watu wote wakasema kweli, mtani akichukua amechukua. Nilicheka, dada, nilicheka mpaka mashavu yakauma, na jogoo akaenda zake ananitazama.

Wiki iliyofuata alichukua na kuku jike. Kwa mwendo huu atamaliza banda, na deni limesimama palepale mia tatu na arobaini.

Usijali. Nimefikiri sana na nimepata njia ya kulimaliza jambo hili mara moja. Nitakueleza likishafanyika.

Mdogo wako,
Omari


Mahurunga
14 Aprili 1970

Dada yangu Somoe,

Shikamoo, na kaa chini kwanza. Mimi ni mzima wa afya, nakula, nacheza bao. Nalitaja hilo mwanzoni kabisa kwa sababu huenda ukasikia maneno mengine. Nimekufa.

Nilikufa Ijumaa. Njia yenyewe ni rahisi hata nashangaa kwa nini watu hawaitumii. Tulisikia kwamba Josephu yuko njiani. Nikawakusanya wanawake wa nyumbani na jamaa wachache wa kuaminika, tukatandika mikeka, tukafunga turubai. Balozi wetu wa nyumba kumi alikataa kushiriki, alisema yeye hawezi kuipelekea TANU taarifa ya marehemu anayecheza bao. Lakini alikubali kwenda shamba siku nzima ili asiulizwe. Mimi nikapanda darini na mtungi wa maji.

Josephu akafika, akasikia vilio, akashuka kwenye baiskeli. Wakamwambia Omari amefariki usiku kwa tumbo, amezikwa alfajiri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesahau jambo moja dogo. Nilijiandaa kwa mdai. Sikujiandaa kwa mtani. Mdai angeondoka. Mtani akifiwa ana kazi yake, na Mngoni huyu anaijua kazi yake, loo! Akavua viatu, akauliza, "Nani aliyewapa ruhusa kumzika mtumwa wangu bila mimi?" Akadai ada ya kunyimwa jembe la kuchimbia kaburi, wakampa chungu cha Salma. Akadai aonyeshwe kaburi. Wakatazamana. Mwisho wakampeleka kwenye tuta la viazi vitamu lililopaliliwa juzi.

Dada, alilikalia. Nilikuwa namchungulia kwenye upenyo wa makuti. Alikaa juu ya tuta akanitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia katika maisha yangu. "Mwizi wewe, umeona ahera hakuna daftari! Amka unilipe, mvivu!" Waombolezaji walicheka na kulia, wengine kwa kweli. Nilijiuma kidole nisicheke.

Kisha akainuka. Akafungua mfuko wa shati, akatoa shilingi tano, akampa Salma rambirambi. Mdai wangu! Amenitolea rambirambi! Hapo sikucheka, sijui kwa nini.

Basi mambo yamekwisha. Maiti hadaiwi, na wewe ni mjane tu wa Magomeni, nani atakugusa. Barua hii nampa dereva wa lori leo hii, itakufikia kabla ya uvumi wowote. Ukiulizwa, lia kidogo.

Ndugu yako hayati,
Omari


Magomeni, Mtwara
21 Aprili 1970

Kwa wifi yangu Salma, na wafiwa wote wa Mahurunga,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa nimekaa chini. Jumapili jioni Josephu Haule alikuja kwangu akiwa amevua kofia. Nilimwona hana mkoba, nikajua kabla hajafungua mdomo. Amesema alipita kwa baiskeli, sehemu nyingine akaibeba kichwani. Tangu jana natafuta gari la kunileta na hakuna. Mvua imeikata njia pale darajani, hata lori la barua halijarudi. Ningetembea kwa miguu, wifi, lakini mguu wangu haufiki hata Mtawanya.

Niambie ukweli. Aliumwa siku ngapi? Aliniita? Nilimlea mtoto yule mgongoni tangu mama alipotutoka, alikuwa mzito na mkaidi, akitaka embe la juu kabisa na asitake kupanda. Barua zangu zote za mwaka huu nimemkaripia. Sikuandika hata moja ya kumwambia kwamba nampenda, nilidhani anajua.

Sheikh wetu amenikumbusha kwamba maiti hufungwa na deni lake mpaka alipiwe. Sikuweza kukaa na hilo. Jana asubuhi nilimkodi mtu wa rukwama, tukapakia cherehani, nikaipeleka Mikindani. Sadruddin alikataa. Alisema, "Bibi, maliza matanga kwanza, mimi sijakudai." Zainabbai akalia pamoja nami, akanisihi niirudishe nyumbani. Nikasema hapana, nyinyi mnaweza kungoja lakini aliye chini hawezi. Wakaikadiria shilingi mia tatu. Arobaini zilizobaki Sadruddin amezisamehe kwa ajili ya maiti. Ameandika juu ya karatasi ile: limekwisha. Nimeitia humu ndani. Naomba mtu yeyote mwenye sauti nzuri aende nayo kaburini amsomee, apumzike.

Jambo moja nalitaja kisha nalifunga. Josephu aliniambia wajane wawili wanalia. Nikamwambia mmoja ni jirani. Akasema hapana, huyo wa pili ni msichana wa Kitaya, anaitwa Mwanaisha, ana mimba, na anamlilia mume. Nimeelewa sasa mabati yalikwenda wapi, yalikwenda kuwa mahari. Wifi, sikuulizi kitu. Nimemsamehe, na wewe jitahidi umsamehe. Mtoto akizaliwa ni wetu.

Wifi yako,
Somoe


Mahurunga
20 Mei 1970

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako kwa Salma ilifika jana. Aliisoma peke yake nyuma ya nyumba, akaja akaniwekea mapajani na karatasi ya Sadruddin juu yake. Jioni alifunga mkeka wake akachukua watoto akaenda kwa mama yake. Amesema anakwenda kumalizia eda huko.

Sijui nianzie wapi. Dereva ameniapia kwamba barua yangu ilikaa Kilambo wiki tatu chini ya gunia la chumvi. Natumai sasa umeipata. Dada, mimi ni mzima. Nilidhani utacheka. Nilijipangia kabisa jinsi utakavyocheka.

Mwanaisha ni mtu mzuri, utampenda. Nilitaka kukwambia tangu mwanzo, nikaona utanisema, nikangoja siku ambayo hutanisema.

Nitakurudishia kila kitu, nakuahidi. Nitafanya kila njia. Kwa sasa nakuletea gunia la viazi vitamu, vile vya lile tuta. Ni vizuri sana.

Omari


Mahurunga
28 Juni 1970

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Dereva anasema alikupa gunia mkononi na wewe ukalipokea na kumshukuru, kisha ukafunga mlango. Je, unaumwa? Mtoto amezaliwa, wa kike. Josephu haji tena huku, hata utani wake nimeukosa. Niandikie, hata yawe matusi.

Omari


Magomeni, Mtwara
2 Agosti 1970

Kwa hayati Omari bin Athumani,

Salaam ziwafikie wazima wa nyumba yako, na wewe pia kwa kuwa unasoma. Nisalimie mtoto. Nimemshonea gauni, ametumwa nalo dereva, rangi ya manjano. Salma ameniandikia kutoka kwa mama yake, tunaelewana vizuri sana, zaidi ya tulivyoelewana ulipokuwa hai mara ya kwanza.

Unauliza kwa nini sikujibu. Barua yako ya kufa ilinifikia tarehe tisa Mei. Nilipofika pale uliposema wewe ni mzima, niliiacha ikaanguka, nikasujudu palepale barazani, Sabina akadhani nimepatwa na kifafa. Nilimshukuru Mungu nikilia kwa sauti. Kisha nikainuka, nikasoma iliyobaki, nikafika kwenye tuta la viazi. Omari, nilitamani nije nikuue vizuri, kwa uangalifu, usibaki. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu nilikuwa naikandamiza mpaka karatasi inachanika, na mimi sipendi kuandika mwandiko mbaya.

Nimekulilia siku ishirini. Nililala na shati lako la zamani. Uliniambia nilie kidogo. Nililia sana, na ulikuwa darini.

Sasa tuzungumze kama watu wazima, si wewe ndiye msimamizi wao? Cherehani yangu iko kwenye baraza la Zainabbai huko Mikindani. Kila asubuhi napanda basi, nakaa kwenye kiti chake, nashona kwa mashine yangu kwa ujira wa shilingi tatu kwa siku. Sindano inanijua, inakwenda. Jioni naifunika kitambaa, naiaga, naondoka mikono mitupu. Mama yule ni muungwana. Ameniambia hataiuza kabla ya mwisho wa Desemba. Nikimpelekea mia na hamsini mpaka siku hiyo, naondoka na mashine, nyingine nalipa polepole. Tusipofika, atakuja fundi wa Lindi aliyekwisha kuiulizia mara mbili.

Kwa hiyo mdai wako sasa ni mimi. Deni ni shilingi mia tatu. Sizitaki zote, najua huna, nami sisemi na mtu nisiyemjua. Ishirini mwezi huu, ishirini mwezi ujao, kisha tisini za korosho siku ileile ushirika watakapolipa, kabla hujamwonyesha mtu. Jumla yake ni mia na thelathini. Ishirini zilizobaki nitaziweka mimi kwenye ujira wangu. Usiniandikie tena kwamba utafanya kila njia. Niandikie namba.

Ule msamaha wa mahari nilimpa marehemu. Kwa kuwa marehemu hayupo, nimeuchukua nikauweka kabatini, utaupata Desemba pamoja na risiti ya mwisho.

Josephu nimemwambia kila kitu. Alicheka nusu saa nzima, akakumbuka shilingi tano zake, akaacha kucheka. Amekubali kunikusanyia bila malipo. Nimemwapisha kwamba anakuja kama mtu wangu, utani ataufanya akishahesabu fedha, si kabla. Atafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mpe ishirini, mpe na tano zake, udai risiti mbili.

Na ukisikia kengele ya baiskeli, usipande darini. Mimi nimekuzika mara moja, Omari, kwa kila nilichokuwa nacho. Ukifa tena, jigharimie mwenyewe.

Dada yako anayekupenda,
Somoe binti Athumani